Tabibu Subiri na Jino Lililoota Puani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Sogezeni viti, na anayekaanga kitu apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka tabibu wa meno ya watoto. Alifanya kazi katika kliniki moja, chumba kile kile, kwa miaka thelathini na sita. Alitutoka wiki tatu zilizopita, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Wakubwa walimwita Tabibu Subiri. Watoto walimwita Babu Subiri. Nitawaeleza jina hilo lilitoka wapi, na nitawaeleza pia siku lilipomponza.

Nianze na mimi mwenyewe. Binti yangu alipokuwa na miaka sita, alinijia asubuhi moja na mswaki mkononi, povu mpaka kidevuni. Akasema, "Mama, nina meno nyuma ya meno." Nikamwambia afungue mdomo. Kweli bwana. Meno mawili mapya yalikuwa yamechomoza nyuma ya meno yake ya chini, na yale ya utoto bado yamekaa pale pale, hayana habari. Nilichanganyikiwa. Nikamkimbiza kliniki na kandambili zangu za bafuni miguuni.

Tabibu alimkalisha kwenye kile kiti kirefu, akatazama kwa kioo kidogo chenye mpini, akatabasamu. "Mama," akaniambia, "hapa hamna ugonjwa. Wapangaji wapya wamefika kabla wale wa zamani hawajahama. Subiri." Akaligusa jino la utoto kwa kidole. "Unaona? Huyu ameshaanza kufungasha. Mtoto awe analitikisa kwa ulimi. Miezi mitatu ikipita halijatoka, mrudishe." Wiki ya tano meno yale ya zamani yakatoka yenyewe, na yale mapya yakasogezwa na ulimi mpaka mahali pake. Leo binti yangu anacheka mdomo mzima.

Basi jina lilitoka kwenye neno hilo, wasikilizaji. Watoto wengi wa miaka sita na saba huota meno nyuma ya meno, na wazazi wengi hukimbia kliniki na roho mkononi. Yeye aliwaambia wasubiri. Na mara nyingi, narudia, mara nyingi, alikuwa sahihi.

Alizaliwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa fundi viatu. Mama yake alikuwa mpishi wa shule. Kabla ya meno, yeye mwenyewe alikuwa fundi saa. Dada yake mdogo, ambaye sasa ana miaka sabini na tatu na bado anatembea bila mkongojo, aliniambia hivi: "Kaka yangu alikuwa haongei na watu, anaongea na saa. Unamkuta ameinama, anaibembeleza, haya mama, haya, twende. Tukawa tunasema huyu atatuolea saa ya ukutani."

Saa zikapungua, wateja wakapungua. Akiwa na miaka ishirini na tano akaingia chuo cha matabibu wa meno. Vidole vilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa ni kujifunza kuongea, na hilo alifundishwa na watoto.

Mke alimpata kazini. Huyu bibi alikuwa mpiga chapa wa hospitali jirani. Nilimtembelea sebuleni kwake juzi, tukanywa chai, akanisimulia huku akijizuia kucheka, maana alidhani si vizuri mjane kucheka. Nikamwambia acheke tu.

"Nilikwenda na gego linauma mpaka sikio," alisema. "Nikakaa kwenye kiti, nikakataa kufungua mdomo. Nikamwambia nitafungua ukiacha kunitazama hivyo. Akasema, nisipokutazama nitang'oa la jirani. Tukakaa hivyo, wagonjwa wengine wanapiga kelele mlangoni. Mwishowe akanigeuzia mgongo kabisa akasema, haya, fungua, nimefumba macho. Nikacheka. Nilipocheka, akageuka akaliona gego. Alinipata kwa hila, yule."

Walikaa pamoja miaka arobaini na saba. Walipata watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja. Wote wana meno mazuri, na wote, kwa maneno ya binti yao mkubwa, walichoka kufunguliwa midomo mbele ya wageni.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nifike kwenye siku lile jina lilipomponza. Simulizi hii sikuipata kwa watu wa pembeni. Nimepewa na mhusika mwenyewe, mwanamke ambaye leo ni dereva wa basi la masafa marefu. Alinipigia simu studio na kusema, "Kama mtamkumbuka yule mzee, mseme yote. Yeye angetaka yote."

Wakati huo alikuwa msichana wa miaka saba. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Tabibu alikuwa na miaka kumi na nne kazini, na jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma. Mama alimpeleka binti yake kwa sababu jino moja la mbele, la juu, upande wa kulia, lilikuwa limetoka na jipya halijaota. La kushoto lilishaota zamani. Tabibu alipapasa ufizi. Akasema alichokuwa akisema siku zote. "Limechelewa tu. Subiri."

Mama hakuinuka. Akasema, "Na hii pua, tabibu. Tundu la kulia peke yake. Linatoa uchafu, na linanuka. La kushoto halina shida."

Tabibu alikuwa ameshaita jina la mgonjwa anayefuata. Akamjibu, "Mama, mimi ni wa meno. Pua ina watu wake."

Shikeni maneno hayo. Mimi ni wa meno, pua ina watu wake. Tabibu aliyarudia mwenyewe kwa miaka mingi, kila alipofundisha vijana wa kazi, ili asiyasahau.

Mama akaenda kwa watu wa pua, hospitali nyingine. Wakachungulia, wakaona kitu kigumu kimezungukwa na uchafu. Wakasema mtoto amejiingizia kitu, punje ya hindi au haragwe, watoto ndivyo walivyo. Wakajaribu kukivuta, hakikuvutika. Mtoto akalia. Wakampa dawa ya matone, wakasema kitalainika kitatoka. Mtoto akasema, "Sijaingiza kitu." Hakuna aliyemsikiliza.

Dereva wetu anakumbuka vizuri. "Nilisema sijaingiza kitu kwa daktari. Nikasema kwa mwalimu. Nikasema kwa mama. Siku moja mama alinishika mabega akanitikisa, akaniuliza, niambie ukweli, uliingiza nini? Mama yangu, ambaye alikuwa upande wangu. Siku hiyo nilianza kufikiri labda niliingiza, nimesahau."

Shuleni mambo yalikuwa magumu zaidi. Harufu ilizidi. Wenzake walisogeza madaftari. Mwalimu, kwa nia njema au kwa kuchoka, akamhamishia dawati la nyuma, karibu na dirisha, peke yake. Wakampa jina. "Sitalitaja redioni," alisema, "kwa sababu wengine wao ni abiria wangu sasa." Mama yake akawa anamshonea leso kutoka kwenye vipande vya vitambaa vya wateja. Leso za hariri, za pamba, za maua. Mtoto alikuwa na leso nyingi kuliko marafiki.

Baada ya miezi minane wakarudi kwa tabibu. Jino bado. Akasema, subiri kidogo tena. Mama safari hii hakutaja pua. Aliona ameshajibiwa.

Miezi saba zaidi ikapita. Jumla ni miezi kumi na mitano, wasikilizaji. Miezi kumi na mitano dawati la nyuma. Wakarudi mara ya tatu. Tabibu akainama kutazama ufizi, na safari hii aliinama karibu kuliko kawaida, kwa sababu taa ya kiti ilikuwa na hitilafu. Harufu ikampata usoni. Akasimama wima. Akauliza, "Pua hii ilianza lini?"

Mama akamtazama. Akasema, "Nilikwambia siku ya kwanza."

Akaagiza picha ya eksirei siku hiyo hiyo. Picha ilipotoka akaipeleka dirishani. Jino lile la mbele, lililokuwa likisubiriwa mwaka mzima na robo, halikuwa limechelewa hata kidogo. Lilikuwa limepinduka. Mzizi chini, kichwa juu. Badala ya kuota kuelekea mdomoni, lilikuwa limeota kuelekea juu, likatoboa sakafu ya pua, likachomoza ndani ya tundu la kulia. Ndicho kile kitu kigumu. Mtoto hakuingiza kitu. Alisema kweli tangu mwanzo.

Hili hutokea, ingawa ni nadra. Jino linaweza kupotea njia. Linaweza kuota kwenye kaakaa, au puani. Mtoto hana kosa, mzazi hana kosa.

Mjane anaikumbuka siku hiyo. "Alirudi nyumbani akakaa sebuleni na viatu miguuni, mtu ambaye alikuwa anavua viatu mlangoni. Nikamuuliza, kuna mtoto amekufa? Akasema hapana. Akasema, kuna mtoto amesema kweli mwaka mzima, na mimi nilikuwa na kioo mkononi."

Daktari bingwa wa pua na koo alilitoa jino lile kupitia tundu la pua, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Haikufika hata nusu saa. Tabibu alikuwepo, amesimama ukutani na barakoa, hana kazi yoyote pale. Alikuwepo tu. Baada ya wiki moja harufu ilikuwa imekwisha. Imekwisha kabisa. Mtoto alibaki na pengo mdomoni, na baadaye akatengenezewa jino la kuvaa.

Kazi ilikuwa imekwisha, wasikilizaji. Hakuna aliyemlaumu, hakuna aliyeandika barua. Mkubwa wake alimpongeza kwa kuligundua. Hebu fikirini. Alipongezwa.

Siku ya mapumziko iliyofuata alipiga pasi shati, akaenda nyumbani kwa yule fundi cherehani. Alimkuta kwenye cherehani, anapinda mkono wa gauni, na pini tatu mdomoni. Hakusimamisha mashine.

"Nimekuja kukuomba radhi," tabibu akasema.

Mashine ikaendelea. Mama akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kipande cha sponji. Kisha akasema, "Usiniombe mimi. Mimi nilikuwa nakaa hapa hapa kwenye kiti changu. Aliyekaa nyuma ni yeye. Yuko kibarazani."

Mtoto alikuwa ameketi kwenye ngazi, anakula kiazi cha kuchemsha. Tabibu akaketi ngazi ya chini yake, ili asimtazame kwa juu. Akasema, "Mama yako aliniambia kuhusu pua yako, nikapuuza. Wewe ulisema hukuingiza kitu, na ulikuwa unasema kweli. Mimi nilikosea. Naomba unisamehe."

Mtoto akatafuna kwanza. Kisha akauliza, "Utakwenda kuwaambia?"

"Nani?"

"Darasani. Wanasema daktari alitoa haragwe."

Kuomba radhi kibarazani ni jambo moja. Kusimama mbele ya watoto arobaini na mwalimu wao, ukasema wewe, tabibu unayejulikana mji mzima, ulikosea, hilo ni jambo jingine. Tabibu akauliza, "Siku gani inafaa?" Mtoto akasema, "Kesho."

Na kesho yake alikwenda. Saa mbili na nusu asubuhi, kabla ya kufungua kliniki. Alikuwa na ile picha ndani ya bahasha kubwa. Akamwomba mwalimu nafasi ya dakika tano. Akaibandika picha kwenye kioo cha dirisha, dirisha lile lile la dawati la nyuma, jua likaiangaza. Akawaonyesha. "Hili hapa ni jino. Lipo wapi? Lipo puani. Mwenzenu hakuingiza haragwe, wala punje, wala kitu chochote. Lilikuwa jino lake mwenyewe, limepotea njia. Alituambia sisi wakubwa na hatukumwamini. Mimi ndiye niliyetakiwa kuliona, na sikuliona. Kosa ni langu."

Kisha mtoto mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Kwa hiyo alikuwa anaweza kutafuna kwa pua?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akainua rula. Lakini msichana mwenyewe alikuwa anacheka kuliko wote. Akajibu kwa sauti, "Nilikuwa natafuna makamasi!" Basi, ikawa hakuna tena wa kulituliza darasa. Walitaka kuona picha karibu, wakagombea kulisogelea dirisha, wakagombea kukaa kwenye dawati lake. Mwalimu alikwenda mwenyewe akabeba mkoba wa mtoto, akauweka kwenye dawati la pili kutoka mbele. Ulibaki pale mpaka mwisho wa mwaka.

Nilimuuliza dereva kama alimsamehe. Akaniambia, "Kwenye ngazi sikumsamehe. Nilikuwa nakula. Nilimsamehe alipobandika picha, ikamponyoka mara mbili kabla haijashika. Nilisema, kumbe na yeye anaogopa."

Tabibu alirudi kliniki akafanya jambo dogo. Kwenye kila kadi ya mgonjwa, chini kabisa, akaanza kuandika kwa kalamu ya wino: Mzazi amesema nini? Mtoto amesema nini? Mkubwa wake akamwita. "Kadi zinachapishwa makao makuu. Usizichafue." Akasema sawa. Akaendelea kuandika. Akaitwa tena. Akasema sawa tena. Miaka minne baadaye kadi mpya zilikuja, na mistari ile miwili imechapishwa. Hakuna aliyemwambia lolote. Mkewe anasema alileta kadi moja nyumbani, akaiegemeza kwenye birika la chai, akaitazama mpaka chai ikapoa.

Tabibu anayefanya kazi chumba kile sasa alifundishwa na yeye. Alinisimulia habari ya fundi bomba aliyemletea mzee mwanawe wa miaka minne kwa ajili ya jino bovu la nyuma. Wakati anaondoka, yule baba akasema, kama mtu anayejisemea, "Tena ana mchezo siku hizi, anasugua ulimi juu tu, juu tu." Mzee akamwita arudi. Akamlaza mtoto kichwa nyuma, akamulika. Katikati ya kaakaa, nyuma ya meno ya mbele, ncha ndogo nyeupe imechomoza. Jino la ziada, mahali pasipo pake. Likatolewa mapema, na meno ya kudumu yakapata njia. Yule baba alimshukuru sana. Mzee akamwambia, "Nishukuru nini? Wewe ndiye uliyeliona. Mimi nilikuwa nimeshakuaga."

Msidhani aliacha kuwaambia watu wasubiri. Hapana. Aliendelea, na mimi ni shahidi, maana binti yangu alitibiwa miaka mingi baada ya hayo. Ila sasa nimekumbuka kitu ambacho wakati ule sikukitilia maanani. Kabla hajaniambia nisubiri, alimgeukia binti yangu akamuuliza, "Na wewe unasemaje?" Binti yangu akasema jino linamwasha. Akaliandika. Linawasha.

Alistaafu akiwa na miaka sitini na tatu. Alirudia saa zake. Mezani kwake kulikuwa na saa za majirani kumi na moja, kila moja na karatasi yake. Yule msichana alipoolewa, mama yake fundi cherehani alishona gauni mwenyewe, na tabibu akawekwa meza ya wajomba. Mtu mmoja akauliza, huyu ni mjomba wa upande gani? Mama akajibu, "Wa upande wa pua."

Alifariki mchana, kibarazani kwake, baada ya chakula, anamenya chungwa. Mkewe alikuwa ndani anakunja nguo. Alimwita kumuuliza kitu kidogo, soksi hizi ni za nani, hakujibiwa. Alipotoka akamkuta ameegemea kiti, uso umetulia. Daktari alisema ni moyo, na haukumsumbua. "Alikuwa ameridhika," mjane aliniambia. "Nisikudanganye kwamba sina majonzi. Lakini nikimfikiria, kinachonijia kwanza ni kicheko."

Kwa mjane, kwa wanawe watatu, kwa wajukuu saba, kwa dada yake, na kwa wenzake wote wa kliniki, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole za dhati. Mungu ampumzishe pema, na awape ninyi subira na faraja. Pole pia kwa dereva wetu, ambaye siku ya mazishi aliliegesha basi, akavaa sare yake, akasimama kaburini na wajomba.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Yupo mtu aliyewahi kukuambia neno la kweli, ukamwambia anyamaze. Pengine alikuwa mtoto, pengine sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Unamjua. Amekujia akilini sasa hivi ninavyozungumza. Leo ni siku ya mapumziko, wasikilizaji wapendwa. Watu wako nyumbani. Zimeni redio, mwende.